Mkono wa Nani? Maneno Kabla ya Kuingia Makumbusho ya Mji

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanachama wetu siku chache kabla ya safari ya kutembelea makumbusho ya mji. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha nilizozionyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja.

Nianze kwa swali. Nani hapa amewahi kuingia makumbusho ya mji, mji wowote ule? Inueni mikono. Naona ni wengi. Msiishushe bado. Sasa nani anakumbuka kitu kimoja alichokiona humo, kimoja tu, kwa rangi yake na umbo lake? Mnaona mikono inavyoshuka?

Siwalaumu. Mara ya kwanza mimi kuingia nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulipangwa wawili wawili, mwalimu mmoja mbele, mwingine nyuma, na neno lililosikika zaidi ya yote lilikuwa "songeni, songeni". Nusu saa haikwisha tukawa nje juani. Nilikuwa nimeona mizinga. Hadi leo naumia nikikumbuka, kwa sababu mji mzima ulikuwa ndani ya lile jengo na hakuna aliyetuambia tusimame.

Nilirudi miaka mingi baadaye, safari hiyo nikiwa na mama. Mama hakusoma sana, na vibandiko vya maelezo havikumshughulisha. Akaipita mizinga, akazipita picha za watawala, akalipita joho la hakimu ndani ya kioo. Kisha akasimama mbele ya cherehani ya mkono. Kibandiko chake kilikuwa na maneno matatu: cherehani, chuma, mbao. Basi. Mama akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaniambia: "Tazama hapa mbele, maua ya dhahabu yamefutika. Hapa ndipo kitambaa kilipopita. Kule nyuma maua yapo mazima. Huyu alishona, mwanangu. Hii haikuwa ya pambo." Na wakati anasema hivyo, mkono wake wa kulia ulishaanza kuzunguka hewani, polepole, kama umeshika mpini. Wa kushoto ulikuwa umenyoosha vidole, unasukuma kitambaa kisichokuwepo. Wala hakujijua kama anafanya hivyo.

Siku hiyo nilipata swali ambalo nimekuwa nikiingia nalo kila makumbusho tangu hapo, na ndilo nililowaletea leo. Swali lenyewe ni fupi: mkono wa nani? Nani alikishika hiki? Nani alikitengeneza, nani alikichakaza, nani alikificha, nani alikiokota?

Makumbusho ya mji, ndugu zangu, si nyumba ya wafalme. Wafalme wana makaburi yao na sanamu zao barabarani. Hii ni nyumba ya mikono ambayo haikujengewa sanamu. Ukiingia ukitafuta wakubwa utawakuta, maana hawajifichi. Lakini utatoka hujaujua mji.

Niwape mfano. Nendeni Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 1960 ni makumbusho. Mgeni akifika anafanya nini? Anakwenda kwenye mizinga, anapanda, anapigwa picha. Sawa, apigwe. Lakini ndani ya ngome hiyo umehifadhiwa ukuta wenye michoro iliyochorwa na mabaharia na askari wa Kireno: meli, samaki, watu. Hakuna aliyewaagiza kuchora. Walikuwa watu walioko mbali na kwao, siku ndefu, bahari mbele yao, na ukuta mtupu. Mtu akachora meli. Mnadhani alikuwa anaiwaza safari gani, ya kuja au ya kurudi? Mzinga hauwezi kukuuliza swali hilo. Na iulizeni ngome hiyohiyo juu ya mikono iliyokuja baadaye, kwa sababu kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza. Zaidi ya miaka sitini ya watu waliofungwa humo. Wapigapicha wangapi wanawakumbuka hao?

Twende mbali zaidi, London. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanaakiolojia walikuwa wakichimba mahali palipokuwa panajengwa ofisi kubwa, chini kabisa, kwenye matope ya kijito cha kale kiitwacho Walbrook. Wakatoa vibao vya mbao zaidi ya 400. Ni vibao vya kuandikia vya enzi ya Warumi. Vilikuwa vinachongwa kijishimo katikati, kijishimo kinajazwa nta, na mtu anaandika kwa kukwaruza nta kwa kalamu ya chuma. Nta yote ilishapotea. Basi maandishi yamesomekaje? Yamesomeka pale tu ambapo mwandishi alikandamiza sana, kalamu ikatoboa nta na kukwaruza ubao wenyewe. Nisikilizeni vizuri hapo. Kinachosomwa leo ni uzito wa mkono. Aliyeandika kwa mkono mwepesi amepotea, aliyekandamiza tunaye.

Na mmoja wa waliokandamiza aliandika nini? Sheria? Sala? Aliandika deni. Tarehe ni 8 Januari mwaka wa 57 baada ya Kristo. Mtu aitwaye Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus, naye pia mtumwa aliyeachwa huru, dinari 105, bei ya bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Atamlipa yeye, au yeyote atakayehusika na jambo hilo. Kibao hakisemi kama alilipa.

Mji huo ulikuwa bado mchanga, haujafika hata miaka kumi na tano. Miaka mitatu minne baadaye, Boudica, malkia wa wenyeji wa nchi ile, aliwainukia Warumi na mji ukateketezwa wote. Hadi leo wachimbaji wa London wakifika kina fulani wanakuta tabaka la udongo mwekundu, udongo wa kuta zilizoungua. Unaweza kuligusa kwa kidole. Nyumba zimekuwa majivu, deni la Tibullus liko palepale kwenye matope.

Halafu katika vibao vilevile kuna kimoja cha tarehe 21 Oktoba mwaka wa 62. Ni mkataba wa kusafirisha mizigo ishirini ya vyakula kutoka mji wa Verulamium hadi London. Miji hiyo yote miwili ilikuwa imechomwa na Boudica, muda mfupi tu nyuma. Na tayari kuna mtu ana mzigo, kuna mtu ana njia, kuna mtu anasubiri chakula kifike kabla ya katikati ya Novemba. Hakuna jenerali katika kibao hicho. Hakuna mfalme. Kama mnataka kujua mji unafufukaje, unafufuka hivyo: kwa mtu anayekubali kubeba mizigo ishirini.

Mkono wa nani? Mkono wa mchukuzi.

Sasa niseme jambo la pili, na naomba akina mama wanivumilie maana nitataja uchafu.

Tukiingia makumbusho tunapenda vyumba vyenye vitu vinavyong'aa. Vyumba vya majitaka, maradhi na takataka tunavipita tukiwa tumeziba pua. Nawaomba msivipite. Mji ni watu wengi kukaa pamoja mahali padogo, na jambo la kwanza linalowapata watu wa namna hiyo ni uchafu wao wenyewe. Namna walivyopambana nao ndiyo historia yao. Mimi nasema, na nasema kwa moyo wote, kwamba bomba la majitaka limeokoa watu wengi kuliko panga lolote lililotundikwa ukutani.

Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kililipuka London katika mitaa ya karibu na Broad Street. Walikufa watu zaidi ya 600. Wakati ule wataalamu wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakuamini. Akafanya nini? Akatembea. Akagonga milango, nyumba hadi nyumba, akiuliza nani amekufa na maji waliyachota wapi. Kila aliyekufa akamwekea alama kwenye ramani, na alama zikajazana kuizunguka pampu moja ya maji. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe mtaa huohuo hawakufa kwa ugonjwa huo, kwa kuwa walikunywa bia na maji ya kisima chao. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukang'olewa. Ukweli ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, hasa kwa sababu watu walishakimbia, lakini ramani ile imebaki.

Fikirini kuhusu mpini. Kipande cha chuma. Mikono mingapi iliushika, mama anachota maji ya mwanawe, na hajui? Ukikutana na mpini wa pampu kwenye kioo, usiuone ni chuma chakavu.

Miaka minne baadaye, kiangazi cha 1858, mto Thames ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ili wabunge waweze kukaa. Hapo ndipo fedha zikapatikana haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mtandao mkubwa wa mahandaki ya majitaka. Mahandaki hayo yanatumika hadi leo. Na mwaka 2017, katika mahandaki ya eneo la Whitechapel, wafanyakazi walikuta donge la mafuta yaliyoganda, nepi na vitambaa vya kujifutia, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Walilivunja kwa wiki nyingi. Kipande chake kikakaushwa, kikafungwa ndani ya masanduku ya kioo, na mwaka 2018 makumbusho ya mji wa London yakakionyesha kwa umma. Nzi wakaanguliwa ndani ya sanduku. Watu wakapanga foleni.

Wako waliosema ni aibu, makumbusho gani haya. Mimi nasema wale wahifadhi walifanya kazi yao. Donge lile ni mikono yetu sisi, watu wa leo, tunaomwaga mafuta kwenye sinki na kusahau. Kwa nini vitu vya Tibullus viwe historia, vyetu visiwe?

Nimefika kwenye jambo la tatu, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Mkishatazama vilivyomo ndani ya makumbusho, geukeni mtazame visivyokuwemo. Ulizeni: nani hayupo? Kila mji una watu waliobeba mawe ya kuujenga, na mara nyingi hao ndio wa kwanza kukosa chumba.

Mwaka 1991, New York, kusini mwa Manhattan, serikali ya Marekani ilikuwa inaandaa kiwanja cha jengo la ofisi. Wachimbaji wakakuta mifupa ya watu. Ilikuwa sehemu ya makaburi ya Waafrika, watumwa na walioachwa huru, waliozikwa huko kwa takribani karne nzima mpaka miaka ya 1790. Makaburi hayo yalikuwa kwenye ramani za zamani, lakini mji ulikuwa umejengwa juu yake na kusahau. Inakadiriwa walizikwa huko watu wapatao 15,000. Watu 15,000, na juu yao barabara, na juu ya barabara maghorofa!

Yaliinuliwa mabaki ya watu zaidi ya 400 kabla Wamarekani weusi wa mji huo hawajasimama kidete na kusema basi, kazi ikasimamishwa. Mmoja wa waliokutwa humo alikuwa mwanamke mtu mzima, meno yake yamechongwa, na kiunoni mwake kulikuwa na shanga zaidi ya mia moja pamoja na kauri za baharini.

Mama zangu naona mnatazamana. Nanyamaza kidogo.

Mwanamke yule alivushwa bahari. Aliishi katika mji ambao sheria zake zilimhesabu kuwa mali. Na alipokufa, mtu alihakikisha anazikwa na shanga zake kiunoni. Mkono wa nani ulizifunga? Mkono wa nani ulikataa kuzivua? Jina la mwanamke yule hatunalo, wala la aliyemzika. Tuna shanga. Mabaki yao yalizikwa upya kwa heshima mwaka 2003, na leo pale pana mnara wa kumbukumbu wa taifa na ukumbi wa wageni. Kabla ya hapo, mtu angeweza kusoma habari za New York, Waholanzi hivi, Waingereza vile, amalize kitabu bila kukutana naye.

Mfano wa pili uko Afrika Kusini, Cape Town. Kulikuwa na mtaa karibu na katikati ya mji, ukiitwa District Six, umejaa mchanganyiko: wajukuu wa watumwa waliopata uhuru, wafanyabiashara, vibarua wa bandarini, misikiti na makanisa jirani. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi ikatangaza kuwa mtaa huo ni wa wazungu tu. Miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu, wakapelekwa kwenye viwanja vya mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikasagwa na matingatinga. Zilibaki nyumba za ibada na nyasi.

Sasa sikilizeni habari ya vibao vya majina ya mitaa. Msimamizi mmoja wa kazi ya kubomoa alitakiwa avitupe vibao hivyo pamoja na kifusi. Hakuvitupa. Vibao 75 hivi akavificha kwake, na hakumwambia mtu kwa miaka mingi. Mkono uleule uliosimamia ubomoaji ndio uliohifadhi majina. Mimi sijui nimwite nani mtu huyo, na nadhani si lazima tuharakishe kumpa jina. Lakini Desemba 1994 makumbusho ya District Six yalipofunguliwa ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti, vibao vile vilitundikwa ukumbini, kimoja chini ya kingine, na watu wakaingia wakasoma mitaa yao kwa sauti.

Chini, sakafuni, imetandazwa ramani kubwa ya mtaa mzima. Waliohamishwa walipokuja walipiga magoti wakatafuta kona zao, wakaandika kwa mikono yao: hapa tulikaa sisi. Makumbusho gani mengine yanamwambia mgeni apige magoti aandike? Na kuna kitambaa kirefu ambacho watu waliandika majina na ujumbe kwa kalamu. Kwa kuwa wino unafifia, maandishi yakafuatishwa kwa sindano na uzi, herufi kwa herufi. Mnaona mama alivyokuwa sahihi kusimama kwenye cherehani?

Kuna mzee aliniuliza juzi, na alikuwa na haki ya kuuliza: vitu hivi vina faida gani kwa mtu mwenye njaa? Nilimjibu kwa habari ya Warsaw. Mwaka 1944 Wajerumani waliubomoa mji huo makusudi, nyumba baada ya nyumba, hadi mji mkongwe ukawa kifusi. Wapolandi walirudi wakaamua kuujenga ulivyokuwa. Watumie nini? Walitumia michoro ya vipimo iliyofanywa na walimu na wanafunzi wa usanifu majengo, ambayo ilifichwa vita vikiendelea, na picha za mchoraji Bernardo Bellotto, aliyeuchora mji huo miaka ya 1770. Watu wasio na paa walijengewa nyumba kwa kufuata picha iliyochorwa karibu miaka mia mbili kabla yao. Leo makumbusho ya Warsaw yamo ndani ya nyumba hizo hizo, kwenye uwanja wa mji mkongwe. Nilimwambia mzee wangu: faida ndiyo hiyo, watu walilala ndani yake.

Sasa ya Jumamosi, na nimalize.

Tutakutana mlangoni saa tatu asubuhi. Hatutaingia kwa mstari, na hakuna atakayewaambia msonge. Kila kijana aingie na mzee mmoja, si lazima awe wa nyumbani kwake. Mchague vitu vitatu tu, vitatu, na kwa kila kimoja msimame angalau dakika kumi. Tazameni palipochakaa kabla ya kusoma kibandiko. Mje na penseli, msije na kalamu za wino, maana wino ukidondoka kwenye karatasi ya kale hautoki. Vijana, mzee akianza kuzungumza andikeni, hata kama anakwenda kombo na kile mnachokitazama. Hasa akienda kombo. Na kabla hatujatoka, kila kundi limwulize mhifadhi swali moja: nani hayupo humu, na vitu vyake viko wapi? Wao wana ghala kubwa kuliko vyumba vya maonyesho, na mara nyingi jibu liko ghalani.

Mwenye kitu cha zamani nyumbani asikilete bado. Aandike kwanza kilikuwa cha nani, na alikitumiaje.

Mama naye atakuwepo. Mkitaka kumwona, pandeni ghorofa ya kwanza, mkono wa kulia, kwenye cherehani.